Dharura na Roho Iliyo Majini

Tarehe 3 Mei 1944 nyambizi ya Kijerumani iliyojulikana kwa namba U-852 ilikwama katika pwani ya Somalia, kusini ya Ras Hafun. Siku moja kabla yake ndege za Waingereza zilizoruka kutoka Aden ziliiandama na kuijeruhi, hata isiweze tena kuzama na kujificha. Mabaharia 7 walikufa. Waliosalia, 59, walifika nchi kavu wakakamatwa. Nahodha wao, Heinz-Wilhelm Eck, kijana wa miaka 28, aliamuru chombo kivunjwe kwa baruti kisiangukie mikononi mwa adui, lakini kitabu cha safari hakikuteketezwa. Kutokana na kitabu hicho ilijulikana nyambizi ilikuwa wapi tarehe 13 Machi mwaka ule, na mahali hapo, jioni ya siku hiyo, meli ya Kigiriki iitwayo Peleus ilikuwa imezamishwa.

Kuzamisha meli katika vita si ajabu, na wala Eck hakushtakiwa kwa hilo. Alishtakiwa kwa yale yaliyofuata. Peleus ilipozama, mabaharia wake wengi walikuwa wangali hai, wameshikilia vyelezo na mbao zilizokuwa zikielea. Nyambizi iliibuka. Ofisa mmoja wa Peleus na baharia mmoja waliitwa, wakahojiwa jina la meli na safari yake, kisha wakarudishwa kwenye chelezo chao. Baada ya hapo, kwa muda wa saa tano hivi, katika giza la usiku, nyambizi ilizunguka baina ya vyelezo ikivimiminia risasi za bunduki za rashasha na kuvitupia mabomu ya mkono. Watu watatu tu ndio walioishi hata wakaokotwa, wiki kadhaa baadaye, na meli ya Kireno.

Naandika haya nikiwa Shinyanga, mahali ambapo bahari hujulikana kwa masimulizi na kwa chumvi iliyomo jikoni. Huenda msomaji wa visiwani akauliza mtu wa nchi kavu kama hii ana haja gani na nyambizi ya Wajerumani. Haja ninayo. Kesi ya nahodha yule ilizaa swali ambalo halikai majini peke yake, nalo ni hili: je, dharura huweza kumhalalishia mtu kuondoa roho ya mwingine aliyekwisha kutoka vitani, asiye na silaha wala pa kukimbilia? Swali hilo lilikwisha kupita katika maji yetu, juu ya watu wetu, siku 30 kabla ya Peleus kuzama. Na katika nchi hii ya dhahabu na almasi bado linaulizwa, ingawa si kwa lugha ya mabaharia.

Tuanze na utetezi wa Eck mwenyewe, kwani si haki kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Mahakama ya kijeshi ya Waingereza, iliyowajumuisha maofisa wa Kigiriki, ilikaa Hamburg kuanzia tarehe 17 hadi 20 Oktoba 1945. Eck hakusema kwamba alitumwa na wakubwa wake. Alisema kwamba alilazimika. Nyambizi za aina yake zilikuwa kubwa na nzito kuzama, na wenzake kadhaa waliomtangulia katika njia ile walikuwa wamekwisha kuangamizwa. Kama ndege za adui zingeona vyelezo na mbao zikielea, zingejua kuwa nyambizi imepita, zingemsaka, na yeye pamoja na watu wake wote wangekufa. Kwa hiyo, alidai, aliamuru vyelezo vipigwe, alama ipotee. Kuhusu watu waliokuwa juu ya vyelezo hivyo, alikiri kuwa alijua hawataishi.

Hoja hii haikuwa ya kipuuzi. Nahodha ni mchunga wa roho zilizomo chomboni mwake, na anayezisahau ni mwovu kama anayewaua wageni. Lakini mahakama iliipima, ikaiona nyepesi. Nyambizi inayoogopa kuonekana hukimbia. Haikai saa tano mahali pale pale ikifyatua risasi. Na mafuta yaliyotapakaa juu ya maji hayazamishwi kwa bunduki. Ofisa mwingine wa nyambizi, aliyeitwa na upande wa utetezi ili amsaidie Eck, alipobanwa kwa maswali alisema kwamba yeye asingetenda vile. Eck, ofisa wake August Hoffmann na daktari wa chombo, Walter Weisspfennig, walihukumiwa kifo wakapigwa risasi tarehe 30 Novemba 1945. Fundi mkuu, Hans Lenz, alifungwa maisha. Baharia Wolfgang Schwender alipewa miaka 15.

Hukumu hiyo ina mambo mawili ambayo hayafai kupitwa haraka. Daktari alikuwa miongoni mwa waliofyatua risasi. Mtu aliyesomea kurudisha uhai alishika bunduki, na nadhani mfano huu watosha kutuonya kwamba elimu na wadhifa si kinga ya moyo. La pili ni la Lenz. Huyu alimwendea nahodha wake akamwambia kwamba hakubaliani na amri ile. Alisema neno la haki mbele ya mwenye nguvu, jambo ambalo wengi wetu hatulithubutu. Kisha, usiku ule ule, naye akashika bunduki akapiga. Dhamiri iliyosema ikanyamaza, ikaitii ile ile amri iliyokuwa imeikataa. Mahakama haikumwua, lakini haikumwachia.

Sasa nakuja kwenye maji yetu. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli za askari uling'oa nanga Kilindini, Mombasa, kuelekea Colombo. Katika meli mojawapo, iitwayo Khedive Ismail, walikuwamo watu 1,511. Kundi kubwa kuliko yote, watu 996, lilikuwa la Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Pamoja nao walikuwamo mabaharia wa Kiingereza na wanawake zaidi ya 70, wengi wao wauguzi. Walikuwa njiani kwenda kwenye vita vya Bama, kama wazee wetu walivyoiita Burma. Nchi yetu nayo ilikuwa imejiingiza, au niseme imeingizwa, katika vita hivyo. Makumi ya maelfu ya vijana wa Tanganyika, Wasukuma na Wanyamwezi wakiwamo, waliandikishwa katika Keya na vikosi vingine. Dhahabu ya Geita ilikuwa ikichimbwa tangu miaka ya 1930. Mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui, karibu na mji huu wa Shinyanga, wakati ambapo viwanda vya silaha vilizihitaji almasi kwa kukatia na kusagia vyuma. Basi asiniambie mtu kwamba vita vile havikutuhusu.

Tarehe 12 Februari, msafara ukiwa karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa makombora mawili ya chini ya maji. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Waliobahatika kutoka walijikuta wakielea, wengine wamejeruhiwa, wengine wameshikana na mbao. Nyambizi nayo ikajificha chini yao. Manowari mbili za Kiingereza, Petard na Paladin, zilikuwa na jukumu la kuulinda msafara, ambao ulikuwa na meli nyingine nne zilizojaa askari. Petard iliifuata nyambizi mahali ilipojificha, ikateremsha mabomu yanayolipuka ndani ya maji, katikati ya watu waliokuwa wakiogelea wakingoja kuokolewa nayo. Nyambizi ililazimika kuibuka na hatimaye ikaangamizwa. Watu waliookoka katika Khedive Ismail walikuwa 214. Waliokufa walikuwa 1,297. Bahari haikutenganisha aliyeuawa na kombora la Wajapani na aliyeuawa na bomu la Waingereza.

Hakuna aliyeshtakiwa kwa mabomu ya Petard. Hapo ndipo msomaji mwenye haki atakapoinua mkono na kuuliza: tofauti iko wapi? Manahodha wawili, katika muda wa mwezi mmoja, waliwaangamiza watu waliokuwa majini kwa hoja moja, kwamba hapakuwa na budi. Mmoja akapigwa risasi. Mwenziwe akaendelea na safari. Je, haki si nguo inayoshonwa kwa kimo cha mshindi? Na hata mji ambamo Eck alihukumiwa, Hamburg, ulikuwa umeteketezwa na ndege za washindi hao hao Julai 1943, wakafa raia makumi ya maelfu, wala hakuna rubani aliyesimamishwa kizimbani. Eck mwenyewe aliigusa hoja hii. Siku zile baada ya Peleus, alipoona mabaharia wake wamenyong'onyea, aliwaambia kwa kipaza sauti wawakumbuke wake na watoto wao waliokuwa wakifa nyumbani kwa mabomu.

Sikubali kwamba upendeleo wa mshindi unafuta kosa la mshindwa. Mwizi aliyekamatwa hawi mwema kwa kuwa mwizi mwenziwe ametoroka. Msiba wa Hamburg ulikuwa wa kweli, lakini Eck aliugeuza kuwa kibali, akawatoza gharama yake mabaharia wasioihusika nao, watu wa mataifa mbalimbali waliokuwa wakitafuta riziki katika meli ya mizigo. Chuki ina tabia hiyo: hukosa kumfikia anayedaiwa, ikamtoza aliye karibu.

Hata hivyo, swali la tofauti baina ya Eck na Petard lataka jibu lake lenyewe. Tufanye mfano. Tuseme malaika angeteremka usiku wa Peleus na mchana wa Khedive Ismail, akawanyakua wote waliokuwa majini na kuwaweka salama katika nchi ya mbali. Watu wa Petard wangefanya nini? Wangeshukuru Mungu, kisha wangeteremsha mabomu yao kwa moyo mweupe, kwani walichokitafuta kilikuwa chini ya waogeleaji, na vifo vya waogeleaji havikuwasaidia chochote. Eck je? Kwake yeye waliookoka ni hasara, kwa kuwa mtu aliye hai husema, na alichotaka yeye ni alama ya kupita kwake ipotee, na alama iliyo kubwa kuliko mbao zote ni mwanadamu. Kwake kifo cha mfa maji kilikuwa ndicho chombo chenyewe cha kazi. Kwa Petard kilikuwa msiba ulioambatana na kazi. Tofauti hii si ndogo, na naamini akili timamu ya mahali popote huiona.

Lakini je, yatosha kuitakasa Petard? Wenzetu wa fikihi walikwisha kulichambua jambo la namna hii karne nyingi kabla ya kuundwa nyambizi. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha usuli, Al-Mustasfa, ameleta mifano miwili inayofanana mno na habari zetu. Wa kwanza ni wa watu walio katika chombo kinachozama, ambao kama wakimtosa mmoja wao wangeokoka wote, na wasipomtosa wataangamia wote. Akasema haijuzu kumtosa. Wa pili ni wa maadui wanaosonga mbele huku wakijikinga kwa mateka wasio na hatia, wakiwa wanakuja kuwaua wote, hata hao mateka. Hapo aliona njia inaweza kupatikana ya kuwapiga maadui ingawa mateka watadhurika, lakini akaibana njia hiyo kwa masharti matatu: iwe ni dharura kweli, iwe ni yakini na si dhana, na hatari iwe ya umma mzima na si ya kundi fulani tu.

Tukiyapima mambo yetu kwa mizani hiyo, Eck anaanguka katika sharti la kwanza na la pili kwa pamoja: hakuwa na yakini bali hofu ya ndege ambayo bado haijaonekana, na alikuwa na mlango mwingine wa kutokea, nao ni kwenda zake. Kwa Petard hatari ilikuwa ya kweli, ilikuwa pale pale, imekwisha kuua. Lakini sharti la tatu ni zito. Msafara wa meli, ingawa wabeba maelfu, ni kundi tu. Si umma mzima. Kwa mizani hii kali hata Petard haipiti kwa urahisi. Nami naona hekima katika ukali huo. Aliyeweka masharti yale alijua kwamba ukishamfungulia mwanadamu mlango wa dharura, hataufunga mwenyewe. Kanuni yetu mashuhuri husema dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Tunaipenda sana, na tunaisahau mwenziwe inayosema kwamba dharura hukadiriwa kwa kiasi chake.

Wala si mafakihi peke yao walioona hivyo. Sheria ya hao hao Waingereza ililipata jambo hili mwaka 1884, chombo chao Mignonette kilipozama, na watu wanne wakawa katika mashua bila chakula wala maji. Baada ya siku nyingi, nahodha Dudley na msaidizi wake Stephens walimwua kijana Richard Parker, wa miaka 17, wakamla. Walipofika kwao walisema hapakuwa na njia nyingine. Mahakama iliwakuta na hatia ya kuua kwa kukusudia, ikakataa kuwa dharura ni kinga ya kumwua asiye na kosa, ingawa baadaye adhabu yao ya kifo ilipunguzwa ikawa kifungo cha miezi sita. Katika kesi hiyo lipo jambo moja linalonisumbua kuliko hukumu yenyewe. Kura haikupigwa. Aliyechaguliwa alikuwa mdogo wao, mgonjwa wao, asiye na mke wala mtoto wa kumdai. Dharura haina macho, husemwa. Mimi naona ina macho makali sana, na humtambua mnyonge hata gizani.

Ndipo ninaporejea katika nchi niliyomo. Kwa miaka mingi mkoa wa Shinyanga na jirani zake umetajwa kwa jambo la aibu, nalo ni mauaji ya vikongwe wanaotuhumiwa uchawi. Mwanauchumi Edward Miguel alichunguza vijiji vya Meatu, wilaya iliyokuwa ya Shinyanga kabla ya kuingizwa katika mkoa mpya wa Simiyu mwaka 2012. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2005, yalionyesha kwamba katika miaka ya ukame au ya mafuriko mauaji ya watuhumiwa wa uchawi huongezeka kiasi cha mara mbili, ilhali mauaji ya aina nyingine hayaongezeki. Wengi wa waliouawa ni wanawake wazee, na aghalabu wauaji walikuwa jamaa zao wenyewe.

Msomaji aitafakari habari hii pamoja na mashua ya Mignonette. Mvua imekatika, ghala li tupu, chombo kiitwacho kaya kinaingia maji. Hofu inatafuta wa kutoswa. Haimtazami kijana mwenye jembe wala mwenye ng'ombe. Inamtazama bibi mwenye macho mekundu, macho yaliyowekundishwa na moshi wa jiko alilolipikia ukoo huo huo miaka hamsini. Hapo husemwa maneno yale yale aliyoyasema Eck: si kwa chuki, ni kwa usalama wetu. Na ule unyama uliowapata watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa tangu mwaka 2007 hivi, wakiuawa kwa imani kwamba viungo vyao huleta bahati ya dhahabu na samaki, haukufikia hata cheo cha dharura. Huo ni tamaa iliyoazima nguo za dharura, na hata hizo hazikuitosha.

Lakini nchi hii haikuzaa dharura ya uongo tu. Imezaa pia dawa yake. Wasukuma wana desturi ya mwano, yaani yowe la kuomba msaada. Likisikika, hakuna cha kuuliza mlio ni wa nani, tajiri au maskini, mwenyeji au mpita njia. Kila alisikiaye huacha alichonacho mkononi na kukimbilia upande wa sauti, na asiyekwenda hulaumiwa na kutozwa faini na jamii yake. Sungusungu walipoanza katika miaka ya 1980 huku Shinyanga na Kahama, walijengwa juu ya desturi hii. Ni kweli kwamba mara nyingine jeshi hilo la jadi lenyewe limewaonea watu, na wenye kutuhumiwa uchawi ni miongoni mwao. Hata hivyo kiini cha mwano chabaki kuwa safi: sauti ya aliye hatarini ni amri kwa anayeisikia.

Wachimbaji wadogo wanaijua amri hii pengine kuliko sote. Tarehe 5 Oktoba 2015, katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama, ardhi iliporomoka ikawafukia wachimbaji chini ya maduara yao. Siku zikapita, wengi wakajua wamekufa. Kule chini, katika giza, wao wakawa wanakunywa maji yaliyodondoka kutoka mwambani na kula mende na vyura. Baada ya siku 41 watano walitolewa hai, na kilichowatoa ni kwamba wachimbaji wenzao walisikia sauti kutoka chini wakaiamini. Pima mambo hayo. Kila anayeingia katika duara lililokwisha kuporomoka anaitia hatarini roho yake na ya wenzake. Hesabu ya Eck ingesema, watano hao wamekwisha kufa, tuwaokoe walio juu. Wale watu wa Kahama, wasio na cheo wala shahada, walikuwa na hesabu nyingine.

Na watu wa visiwani nao hawahitaji kufundishwa haya na mtu wa Shinyanga. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipopinduka Nungwi, wavuvi na wanakijiji walitoka kwa vyombo vyao vidogo kuwafuata wasiowajua. Desturi ya bahari haikuandikwa na mahakama ya Hamburg. Ilikuwako kabla yake, nayo husema kwamba aliye majini hana kabila wala bendera wala deni. Amekwisha kuvuliwa kila kitu ila utu, na utu huo sasa umewekwa amana katika mikono ya yeyote aliye juu ya chombo. Hii ndiyo sababu kosa la Eck linatuchoma hata baada ya miaka zaidi ya 80. Waliokuwa kwenye vyelezo walimwona akiibuka, na wawili miongoni mwao walipanda wakasimama mbele ya watu wake, wakajibu maswali, wakarudishwa. Alipotoa amri, amana ilikuwa imekwisha kukabidhiwa.

Basi ninalolisema ni hili. Sikatai kwamba iko siku ambayo kila njia ina damu, na kwamba nahodha wa Petard huenda aliikuta siku hiyo. Lakini dharura, hata iwe ya kweli, yaweza kumwondolea mtu adhabu, haimwondolei deni. Anayesema sikuwa na budi na kisha akalala usingizi, huyo hakuwa katika dharura, alikuwa katika mazoea. Kwa hiyo kila itajwapo dharura, katika vita, katika ukoo, katika biashara ya madini au katika ofisi za wakubwa, nasi tuulize maswali matatu. Je, hapakuwa na mlango mwingine, hata uwe wa hasara kwetu? Je, anayetoswa ndiye mwenye hatari, au ni yule tu asiyeweza kujibu? Na aliyetosa, yu tayari kulitaja jina la aliyemtosa mbele ya watu wake?

Swali la mwisho ndilo linalonirudisha kwa askari wa Kikosi cha 301. Wale wa Khedive Ismail wanakumbukwa katika Kumbukumbu ya Afrika Mashariki iliyomo katika makaburi ya vita mjini Nairobi, mbali sana na maji yaliyowameza. Kumbukumbu ya jiwe ni jambo jema, na asiyeishukuru ni mkosefu wa adabu. Lakini jiwe halisemi waliangamia vipi, wala halisemi kwamba waliokuwa wakiogelea walitazama chombo cha kuwaokoa kikiwajia, wakafurahi. Hilo ni la wenye lugha. Pwani hii ina washairi waliotunga juu ya majahazi, pepo na misiba ya kila namna. Nchi ya bara ina manju wa ngoma waliowaimba wapiganaji wao. Askari wale, waliotoka kwetu bara na kupitia kwenu pwani, wanalo dai juu yetu sote, na dai hilo haliishi kwa kuwa waliowadai wa kwanza, mama zao na wake zao, wamekwisha kufa.

Mfa maji haachi kutapatapa, walisema wahenga, nasi tumezoea kuitumia methali hiyo kumcheka mtu aliyeshindwa. Ingefaa tuisikie upya. Kutapatapa kwake ni mwano, na mwano hauna mtazamaji: ukiusikia, umekwisha kuitwa.